Nimetandaza michoro yangu yote sakafuni, na ule niliojivunia kuliko yote ndio unaonisumbua

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nasomea uchoraji, niko mwaka wa tatu, na upande niliouchagua ni uhalisia: potreti za penseli na mkaa, na tangu mwaka jana rangi za mafuta. Tumetakiwa tuchague kazi kumi za kuonyesha mwisho wa muhula na kuandika maelezo ya kila moja. Jana usiku nikatoa kila kitu, kilichokuwa kwenye majalada na kilichokuwa chini ya kitanda, nikakitandaza sakafuni kwa kufuata tarehe, kisha nikapanda juu ya kiti ili nione vyote kwa mpigo. Nilikaa pale juu karibu saa nzima. Naandika uzi huu kwa sababu nilichokiona kimenivuruga, na najua humu kuna watu waliochora miaka mingi kuliko mimi.

Kuna michoro miwili ya shangazi yangu. Wa kwanza niliuchora kutoka kwenye picha ya simu, penseli tupu, karatasi laini, karibu saa sitini ndani ya wiki tano. Kila unywele una mstari wake. Vinyweleo vya ngozi vipo, mikunjo ya midomo ipo, hata dirisha linaonekana ndani ya mboni. Watu wakiuona husema "hii si picha ya kamera kweli?" na kwa miaka miwili sifa niliyoitaka ilikuwa hiyo tu.

Wa pili ni wa mkaa. Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, dakika arobaini hivi, akinisimulia habari za utotoni kwake. Nusu ya nywele ni doa moja jeusi. Sikio moja halipo. Shingo inaishia hewani.

Kutoka juu ya kiti, mkaa ndio uliokuwa shangazi. Nilidhani ni uchovu, nikamwita mdogo wangu, nikamuuliza bila kumweleza chochote: shangazi yuko wapi hapa? Akaonyesha ule wa mkaa papo hapo. Kisha akainama juu ya ule wa penseli akausifu kwa muda mrefu, jinsi nywele zilivyochorwa, jinsi jicho linavyong'aa.

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Kama kazi yangu ni uhalisia, na mchoro wenye kila kitu ndio unaomkosa mtu, saa sitini zile nilikuwa nafanya nini?

#2 Mchangiaji

Hongera mkuu. Saa sitini kwenye mchoro mmoja ni uvumilivu ambao wengi hatuna. Mimi ningeutanguliza ule wa penseli, wasahihishaji wakiingia tu wakutane nao. Halafu sijakuelewa, picha ya simu imekukosea nini? Si ni shangazi yuleyule?

#3 Mleta uzi

Asante mkuu. Swali lako ndilo lililoninyima usingizi, ngoja nilijibu kwa urefu.

Kuna suala la umbali. Nilimpiga picha nikiwa karibu naye sana, hatua moja hivi, ili uso ujaze kioo cha simu. Ukiwa karibu kiasi hicho, tofauti kati ya pua na masikio inakuwa sehemu kubwa ya umbali wote uliopo, hivyo pua na paji la uso vinakua, masikio yanajificha nyuma na uso unachongoka. Ukimtazama mtu kutoka mita mbili, tofauti hiyo karibu haionekani. Leo asubuhi nimechukua rula. Kwenye mchoro wa penseli pua ya shangazi ni pana kupita nafasi iliyo kati ya macho yake. Kwenye mkaa vinalingana. Anayemfahamu anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hawezi kukitaja.

Halafu vivuli. Upande wa kushoto wa shingo, simu yangu iliutoa mweusi tii, nami nikaupaka mweusi tii kwa penseli ya 8B, ile laini yenye weusi mzito, safu juu ya safu. Siku ya mkaa, nilipomtazama mwenyewe, ndani ya kivuli hichohicho kulikuwa na mwanga hafifu ulioruka kutoka kwenye kitambaa cha begani na kupanda hadi chini ya taya. Mwanga ule ndio unaoifanya taya izunguke kwenda nyuma. Ukikosekana, uso unabaki bapa kama kitu kilichokatwa kwa mkasi. Na hata huo weusi wa 8B wenyewe ulinidanganya: penseli ikirundikwa inang'aa, ukisimama pembeni ya mchoro sehemu iliyopaswa kuwa nyeusi kuliko zote inameremeta kama bati. Mkaa haung'ai, ndiyo maana weusi wake una kina.

Lakini kubwa kuliko yote ni ukali wa kingo. Jicho la mtu linaona kwa ukali kamili eneo dogo mno katikati ya mtazamo, takriban upana wa kidole gumba ukiwa umenyoosha mkono. Pengine pote ni ukungu ambao ubongo unaurekebisha bila kutuambia. Nikimtazama shangazi machoni, mkufu wake nauona kama cheche tu. Picha ya simu ilinipa mkufu, sikio, nywele na jicho vyote vikiwa vikali sawasawa, nami nikavichora vyote vikali sawasawa. Hakuna mtu aliyewahi kumwona binadamu mwenzake namna ile.

Kwa hiyo, mkuu, simu haikunikosea. Mimi ndiye niliyenakili kila kasoro yake kwa uaminifu, wiki tano, nikidhani ni sura ya shangazi.

#4 Mchangiaji mwingine

Kijana wangu, nimesoma yote. Nimechora potreti kwa muda mrefu, naomba nikupinge kidogo kabla hujaitupa simu. Picha ni kumbukumbu kama kumbukumbu nyingine. Ubaya unaanza pale unapoitii. Mimi hupiga picha kutoka mbali kisha navuta karibu, napiga moja ya mwangaza na nyingine ya vivuli, na pembeni naweka skechi niliyofanya mtu akiwa amekaa. Vikigombana, skechi ndiyo inayoshinda.

Jambo la pili: kunja macho. Yakunje mpaka vinyweleo na nywele vipotee, ubaki na madoa matatu au manne ya mwanga na giza. Hayo madoa yakikaa mahali pake, umempata mtu. Yakikosea, hata ukichora unywele mmoja mmoja hutampata. Nadhani siku ya mkaa muda mfupi ndio uliokulazimisha kuona madoa.

Nina swali: ule wa penseli ulitumia miraba, yaani uliigawa picha na karatasi kwa viboksi ukanakili kimoja kimoja?

#5 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, na asante. Ndiyo, nilitumia miraba ya sentimita moja moja, nikachora mraba mmoja baada ya mwingine huku nimefunika mingine kwa karatasi. Siwezi kuwasema vibaya wanaotumia miraba. Mwaka 1525 Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alichapisha kitabu cha upimaji chenye michoro ya vifaa vya kumsaidia mchoraji kuhamisha kitu kwa usahihi, kwa hiyo msaada wa aina hii una karne tano.

Aliyenifikirisha zaidi ni Chuck Close, mchoraji wa Marekani. Potreti yake kubwa ya nafsi yake, ya mwaka 1967 hadi 1968, ina urefu wa karibu mita 2.7, nyeusi na nyeupe, na aliihamisha kutoka kwenye picha kwa miraba. Nilikuwa nikimtaja kila nilipotaka kujitetea. Wiki hii nimeiangalia tena nikaona jambo nililokuwa nalipita: sehemu ambazo kamera ilikosa kuzilenga, yeye kaziacha zikiwa na ukungu, kwa makusudi, kwa kipimo kikubwa hivyo. Anachora picha ya kamera, na anakuonyesha waziwazi kwamba ni picha ya kamera. Mimi nilichora picha ya kamera huku naandika chini "shangazi". Kifaa ni kilekile, ila yeye alijua anachora nini. Na huyu ni mtu aliyekuwa na tatizo la kutotambua nyuso za watu, uso ukiwa bapa kwenye karatasi ndipo aliweza kuukumbuka. Alikuwa na sababu yake. Mimi sababu yangu ilikuwa woga wa kukosea.

Hilo la madoa umelisema sawasawa mzee. Nimekunja macho mbele ya ule wa penseli. Madoa hayapo, kuna kijivu kimoja kilichotawanyika kila mahali. Nilishughulikia kila mraba kama kwamba ni mchoro kamili, kila mraba ukapata nyeusi yake na nyeupe yake, na uso mzima ukakosa kiongozi.

#6 Mchangiaji

Naomba msaada jamani. Mimi ndio naanza. Macho nachora vizuri, pua vizuri, mdomo vizuri, nikiviunganisha mtu hafanani na yeyote. Mleta uzi, mwaka wa kwanza ulikuwaje?

#7 Mleta uzi

Ndugu, nakuhakikishia upo pale nilipokuwa. Mstari wa kwanza kabisa sakafuni una potreti kumi na moja na zote zina ugonjwa mmoja: macho yapo juu mno. Pima kichwa cha mtu mzima kutoka utosini hadi kidevuni, utakuta macho yako karibu na katikati. Sisi tunayapandisha kwa sababu paji la uso na nywele havituambii chochote, tunavipunguza bila kujua. Tunachora ukubwa wa kitu kwa kadiri tunavyokijali.

Na weupe wa jicho niliuacha mweupe wa karatasi, kwa kuwa unaitwa weupe. Angalia mtu akiwa kivulini: kope la juu linauangushia giza, na jicho lenyewe ni tufe, linageuka kwenda pembeni. Mara nyingi ni kijivu, wakati mwingine kijivu kizito kuliko ngozi ya shavu lililo kwenye mwanga. Meno vivyo hivyo.

Mwalimu mmoja alituonyesha kifaru wa Dürer wa mwaka 1515. Mnyama alifikishwa Lisbon mwaka huo, Dürer hakumwona, akamchonga kwenye ubao wa kuchapia kwa kutegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Akamvisha mabamba kama deraya ya askari na kumwongezea pembe ndogo mabegani. Kila undani ni wa kushangaza, na watu wa Ulaya waliuamini mchoro ule kwa muda mrefu sana. Weka kando yake sungura aliyemchora kwa rangi za maji mwaka 1502, huyo alimtazama. Manyoya hayajachorwa yote, mengine yanazama kwenye kivuli, lakini unahisi ukinyoosha mkono atakimbia. Mkono ni uleule, wa mtu yuleyule. Mimi nikitazama potreti zangu za mwaka wa kwanza naona vifaru kumi na moja. (Sungura yule pia ana dirisha ndani ya jicho. Nililiona nikaliiga kwenye jicho la shangazi, nalikiri hapa.)

Kilichonisaidia kutoka huko ni zoezi moja tu, nalo nililifanya karibu kila siku kwa muhula mzima: kuchora nafasi tupu. Usichore kiti, chora maumbo ya hewa yaliyo kati ya miguu ya kiti. Hewa haina jina, kwa hiyo kichwa hakina cha kukuongopea. Baadaye nikahamia usoni: pembetatu iliyo kati ya kona ya jicho, pua na mdomo, umbo la kivuli chini ya mdomo wa chini. Yakipatana maumbo hayo, pua inajitokeza yenyewe. Nawe acha kwa muda kuchora macho peke yake, ndugu yangu. Anza na umbali wa kutoka jicho hadi kidevu kabla ya kope hata moja.

#8 Mchangiaji

Mtanisamehe. Kamera za kupiga picha zinauzwa tangu 1839, sasa kila mtu anayo mfukoni. Hata ukimpata shangazi kwa usahihi wote huo wa madoa, umeongeza nini ambacho simu haina? Si bora mchore vitu vya kubuni?

#9 Mleta uzi

Swali halali kabisa, nimeulizwa hata nyumbani. Nitajibu kwa mchoraji mmoja, Antonio López García wa Hispania. Kuanzia 1974 hadi 1981 alichora mtaa wa Gran Vía wa Madrid ukiwa mtupu alfajiri. Alikuwa anarudi palepale majira ya joto na kufanya kazi kwa muda mfupi tu kila asubuhi, kwa sababu mwanga aliokuwa anautafuta ulikuwa unadumu kitambo kidogo kisha unaondoka. Picha ya kamera ni sekunde moja ya mtaa ule. Turubai lake lina miaka saba ya asubuhi zilizowekwa juu ya asubuhi. Hakuna kifaa kilichokuwepo pale muda wote huo isipokuwa yeye.

Mchoro wangu wa mkaa una dakika arobaini. Ndani yake shangazi aligeuza kichwa mara nyingi, alicheka mara mbili, mwanga wa dirishani ulisogea. Mstari wa shavu nimeuchora mara tatu na yote mitatu inaonekana. Nafikiri ndicho mdogo wangu alichokitambua.

Na kuhusu kuongeza, wakati mwingine mchoraji anapunguza. Tazama msichana mwenye hereni ya lulu wa Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, wa karibu mwaka 1665. Lulu ile ni miguso michache ya rangi nyeupe, haina hata kulabu ya kuishikilia sikioni. Kati ya pua na shavu hakuna mstari, rangi moja imepita moja kwa moja, jicho lako ndilo linalojenga pua. Nilipojaribu kuinakili kwa mafunzo, mkono wangu uliweka mstari pale mara mbili bila ruhusa yangu. Nilikuwa najua pua ina ukingo.

#10 Mchangiaji mwingine

Nakubaliana nawe kuhusu Vermeer. Lakini hujasema kitu kuhusu rangi zako za mafuta. Nazo zipo sakafuni?

#11 Mleta uzi

Zipo nne mzee wangu, na tatu ni za majivu.

Nilichanganya kahawia moja ya ngozi, nikaongeza nyeupe kwenye mwanga na nyeusi kwenye kivuli. Nyeupe ikaifanya ngozi ipauke kama iliyopakwa chaki, nyeusi ikaifanya kuwa kama masizi. Nilikuwa bado nachora kwa penseli, ila penseli yenye kahawia. Ngozi nyeusi ya shangazi inarudisha mng'ao waziwazi kuliko ngozi nyeupe, na mng'ao huo unachukua rangi ya mwanga unaoingia: karibu na dirisha, juu ya paji na mfupa wa shavu, kulikuwa na buluu ya baridi. Kivulini kulikuwa na wekundu. Mimi sikuona vyote hivyo kwa sababu nilishaamua kwamba ngozi ni kahawia.

Turubai la nne ndilo pekee ninalolipeleka. Hapo nilikuwa nimesoma habari za Chevreul, mkemia aliyesimamia rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akazipima, akakuta nyuzi hazina tatizo, ni rangi za jirani zilizokuwa zinazibadilisha machoni. Kitabu chake kilitoka 1839. Basi kivuli cha shingo ambacho kila siku kilinitoka kama matope sikukigusa kabisa. Nilibadilisha ukuta wa nyuma, kutoka kijivu kwenda kijani iliyopoa, na shingo ikapata damu. Nilikaa nikaitazama mpaka giza likaingia.

#12 Mleta uzi

Nimerudi baada ya siku tatu. Nimechagua kumi. Ule wa penseli upo na wa mkaa upo, nitaomba vitundikwe karibu karibu, na kwenye maelezo ya ule wa penseli nimeandika kwamba ni mchoro wa picha iliyopigwa kutoka hatua moja.

Jana shangazi alikuja kukaa tena. Nikamwonyesha yote miwili bila kusema neno. Akaupenda wa penseli, akauliza kama akiurudishiwa baada ya maonyesho anaweza kuutundika kwake, akasema hapo nimemtendea haki. Nikamwambia ni wake. Kisha akaushika ule wa mkaa, akausogeza mbali na macho kidogo, akanyamaza. "Hapa nilikuwa nakusimulia ule mto," akasema. "Sikumaliza." Akakaa kwenye kiti kilekile akaendelea pale alipokuwa ameachia, nami nikatafuta mkaa.

Mchoro wa jana una masikio yote mawili na madoa matatu niliyoanza nayo bado yapo. Mdomo ndio umenishinda. Hakunyamaza hata dakika moja, nimeufuta mara nne mpaka karatasi imeanza kuota manyoya pale. Nikiuchora umefungwa si yeye, nikiuchora wazi anaonekana kama anayeshangaa. Mzee wangu, na wengine wote mliowahi kumchora mtu akizungumza, mdomo wake huwa mnaushika wakati gani?